Miche ya Kipande cha Saba

"Mlimani! Wee Mlimani! Hebu toka huko kichakani, nina habari ya kukunenepesha!"

Aliyepiga kelele alikuwa Radamés Pupo, katibu wa shamba la Palma Sola, nje kidogo ya Havana. Aliyeitwa alikuwa Evelio Lamothe, bwana shamba wa kahawa, mtu wa milima ya mashariki, ndiyo maana watu wa mjini walimbandika jina hilo la Mlimani. Na kile kichaka alichochutama ndani yake hakikuwa kichaka. Ilikuwa kahawa. Kahawa hai, majani yanang'aa kama yamepakwa mafuta, miche elfu moja na mia mbili imejipanga mistari kwenye Kipande cha Saba, wakati vipande vingine sita vya shamba lile vilikuwa vimebaki vijiti ambavyo hata mbuzi alivinusa akapita.

Evelio akajitokeza akijipangusa udongo magotini. "Habari gani hiyo, Ndugu Katibu?"

"Kesho mkutanoni tunakuchagua mfanyakazi bora. Na usinikatalie! Nimeshaongea na watu, kila mtu anakutaja wewe tu. Mlimani, Mlimani, mpaka nimeona wivu."

"Ndugu Radamés, mimi nililetwa hapa kwa siku arobaini. Leo ni mwezi wa kumi na nne. Nilichoomba ni karatasi ya kurudi nyumbani. Zenaida anachuma kahawa peke yake kule, na mgongo wake si wa kuchumia peke yake."

"Unaona? Unaona sasa?" Radamés akampiga bega kwa furaha. "Mtu kamwacha mke, kaacha kahawa yake, kaja kupanda ya taifa! Hilo nalo nitalisema."

Ungefanyaje na mtu kama huyo? Kumchukia huwezi. Radamés alikuwa kondakta wa basi kabla ya mapinduzi, na sauti yake ilikuwa bado ya mtu anayewaambia abiria wasogee nyuma. Jumapili watu wa mjini walipokuja kujitolea, yeye ndiye aliyeshika jembe wa kwanza na kuliacha wa mwisho, na viganja vyake vilikuwa vimechubuka kuliko vya mtu yeyote pale. Akiamini kitu, aliamini mwili mzima. Na alichoamini mwaka ule ni kwamba Havana itazungukwa na kahawa pande zote, mji unywe hadi usaze, na usimwombe mtu.

"Na ajenda ya pili?" Evelio akauliza. Alikuwa ameliona tangazo ukutani, limeandikwa ajenda mbili, ya pili haina jina.

Furaha ya Radamés ikapungua kidogo. "Ya pili ni Ondina."

"Ondina kafanya nini?"

"Vipande sita vimekufa mikononi mwake, Mlimani! Wakubwa wanakuja tarehe kumi na tano. Wataniuliza kwa nini. Niwajibu nini? Ama ardhi ina kosa, ama mtu ana kosa. Na ardhi haiwezi kuwa na kosa, maana hiki hapa Kipande cha Saba kinapumua. Ardhi ile ile, jua lile lile, mvua ile ile. Sasa niambie kilichopungua kule ni nini. Ni mwamko! Yule binti tangu siku ya kwanza anasema kahawa haitaota hapa. Mtu anayepanda huku anasema haitaota, itaotaje?"

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo napendekeza atoke maabara, aende Camagüey kukata miwa miaka miwili. Miwa itamfundisha. Wala simchukii, ujue. Namwonea uchungu kama mdogo wangu." Na kweli alimwonea, ilionekana usoni. "Basi kesho vaa shati safi. Hilo lenye tundu usije nalo, utanitia aibu."

Akaenda zake akipiga mluzi. Evelio akabaki kasimama katikati ya ile kahawa yake nzuri, na kwa mara ya kwanza maishani akatamani kuona mti wa kahawa umekufa.

Nikuambie sasa kile ambacho Radamés hakukijua, wala Ondina hakukijua, wala mtu yeyote shambani hakukijua.

Ile ardhi kweli ilikuwa haifai. Ondina Carballo, mtaalamu wa udongo, binti wa miaka ishirini na tisa aliyetumwa kutoka maabara moja ya mjini, alikuwa ameipima kabla hata mche wa kwanza haujapandwa. Alichimba mashimo sitini. Katika hamsini na mbili alikuta mwamba wa chokaa shubiri mbili tu chini ya udongo. Akaandika ripoti: hapa panafaa malisho, kahawa itakauka. Ripoti ikapokewa, ikagongwa mhuri, ikawekwa kabatini. Kisha, kwa kuwa alionekana ana wasiwasi, wakamkabidhi vipande sita aviangalie yeye mwenyewe, wasiwasi umtoke. Ng'ombe wakahamishwa kupisha kahawa, na maziwa yakahama nao.

Evelio naye alipofika akaona yale yale bila kuchimba shimo hata moja. Alitazama majani ya magugu, akasugua udongo kwenye vidole, akaguna. Lakini yeye hakuwa mtu wa kuandika ripoti. Alikuwa mjukuu wa watu waliotoka Haiti na mbegu za kahawa mfukoni, na katika ukoo wao mche kumfia mtu mkononi ulikuwa aibu ya kufichwa, kama mtoto wa nyumba fulani kukutwa na njaa. Walimpa Kipande cha Saba kiwe shamba darasa, watu wa mjini waje wajifunze pale. Kiangazi cha kwanza kilipoanza, miche arobaini ikanyauka kwa wiki moja. Jumapili wageni wangekuja. Jumanne ile, shamba likiwa tupu, Evelio akaing'oa yote arobaini akapanda mingine ya umri ule ule kutoka kwenye kitalu chake, kule bondeni penye kisima na kivuli. Akasema mara hii tu.

Mara hii tu! Wangapi wameiingia njia hiyo na hawajauona mwisho wake? Wiki iliyofuata ikafa sitini. Akapanda sitini. Akaanza kukuza miche ya ziada kwenye viriba, ya umri mbalimbali, ili kila mche unaokufa upate pacha wake. Jumanne na Alhamisi alifunga ng'ombe dume kwenye mkokoteni, akateka maji mapipa mawili, akamwagilia mti mmoja mmoja kwa kopo. Pale mwamba ulipokuwa juu aliupasua kwa sururu akajaza samadi. Mgongo ukamuuma, akaufunga kitambaa, akaendelea. Hakuwahi kuliita jambo lile uongo. Aliliita kazi. Mpaka Jumamosi ile ambapo mtu mwema mwenye viganja vilivyochubuka alisimama mbele yake na kumwambia kwamba kazi yake ndiyo ushahidi wa kumhukumu Ondina.

Akaenda kwa Ondina mchana ule ule.

Binti alikuwa anakaa kwenye kibanda kilichokuwa stoo ya mbolea, dirishani amepanga chupa za udongo, kila moja na karatasi yake. Alikuwa keshasikia. Alimvutia mgeni kiti na kummiminia kikombe.

Evelio akaonja, akakunja uso. "Hii kahawa au dengu?"

"Ya mgao. Nusu dengu, nusu kahawa, nusu Mungu anajua." Akacheka kwa mbali. "Si ndiyo maana tunapanda yetu, Mzee?"

"Ondina. Nimesikia habari ya kesho."

"Camagüey." Akalitamka kama anasoma jina kwenye ramani. "Mama yangu ana kisukari. Nani atamchoma sindano hiyo miaka miwili? Nimemwandikia dada yake kule Matanzas, hajajibu. Na nikitoka maabara sirudi, Mzee, wewe unajua. Mtu akishaandikiwa 'hana imani' ile karatasi inamtangulia kila aendako." Akaketi. "Naweza kubishana nao kuhusu mwamba. Naweza kuwapeleka nikawaonyesha mwamba, wakaugusa. Lakini watanionyesha Kipande chako. Nimekaa usiku na mchana nakifikiria kile Kipande chako. Nimepima udongo wake kwa siri, unisamehe. Ni ule ule! Chokaa ile ile! Kwa nini kwako inaota? Nimefika mahali najiuliza labda kweli kosa ni langu. Labda kuna kitu wazee wa milimani mnakijua ambacho sisi hatukufundishwa."

Evelio akaweka kikombe chini.

"Haioti," akasema.

"Nini haioti?"

"Kwangu. Haioti. Inakufa kama kwako. Mimi naing'oa napanda mingine."

Ondina akalivuta daftari lake karibu. Kisha akauliza, taratibu kama anavyouliza mtaalamu, "Mingapi?"

"Ile elfu na mia mbili ya kwanza, haijabaki hata mia. Mingine nimeibadilisha mara tatu, mara nne."

"Toka nje," akasema Ondina.

"Mwanangu—"

"Miezi kumi na nne nahesabu maiti, wewe unafufua! Kila Ijumaa nimepita mstari kwa mstari na daftari, naandika waliokufa, nikijiona mchawi! Nilidhani nina wazimu, Mzee Evelio!" Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Ungeniambia! Siku moja tu ungepita hapa dirishani ukaniambia!"

Evelio hakutoka. Aliinamisha kichwa akayapokea yote, kwa sababu yalikuwa yake. Ondina akalia, akanyamaza, akajimiminia ile kahawa ya dengu akainywa yote. Na alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa imebadilika, ina haraka ndani yake.

"Kayaseme kesho. Mbele ya watu wote. Mambo yote, miche, maji, sururu. Wakijua Kipande cha Saba nacho kimekufa, basi vipande saba vimekufa, na mimi niko salama. Kosa linarudi kwa ardhi. Hawana la kusema."

"Nitayasema."

"Watakuadhibu."

"Waniadhibu. Nina miaka hamsini na minne, watanifanya nini? Labda kwa adhabu watanirudisha nyumbani." Wote wawili wakacheka, na Evelio akarudi kwake akiwa mwepesi, mwepesi kabisa. Njia ya mwongo ni fupi, akajiambia, na yake hatimaye imefika ukingoni. Alilala kama mtoto.

Jumapili, baada ya kazi ya asubuhi, watu kama mia moja walijaa kwenye zizi la zamani la kukamulia ng'ombe. Wenye bahati walikalia magunia ya mbolea, wengine wakaegemea nguzo. Mbele palikuwa na meza iliyotandikwa kitambaa chekundu. Utaratibu wa shamba lile ulijulikana: anayependekezwa kuwa mfanyakazi bora anasimama mbele, watu wanamtajia sifa zake, kisha kasoro zake, kisha mikono inanyooshwa. Akipita anaketi mezani kando ya katibu, na ajenda zinazofuata ni yeye anayehesabu kura.

"Haya, sifa za Mlimani!" Radamés akanguruma. "Nani anaanza?"

"Hajawahi kuchelewa!" mmoja akasema.

"Alinifundisha kushika jembe, na mimi ni mwalimu wa muziki!"

Migdalia, mwanamke mnene wa kwenye mtambo wa simu, aliyekuwa haachi Jumapili hata moja, akasimama. "Mimi sifa yake ni moja. Mtu wa milimani kaja kutuonyesha watu wa Havana kwamba hata jiwe ukilibembeleza linazaa. Nilikuwa nawacheka watu wa mashariki, nimekoma!"

Zizi zima likacheka. Evelio, ndani ya shati lake safi, akanyoosha mkono kuomba nafasi.

"Ndugu zangu, mimi sistahili."

"Aaa!" wakaitikia kwa pamoja, na makofi yakalia. Radamés akageuka kwa watu, uso umemeremeta. "Mmesikia? Andikeni hiyo: unyenyekevu."

"Sistahili kwa kweli. Naomba mnisikilize. Mna kasoro zangu za kusikia, nazitaja mwenyewe." Kelele zikapungua. "Kahawa ya Kipande cha Saba si ile mliyoipanda nyinyi. Ile mliyoipanda ilikufa. Naing'oa kila Jumanne na kila Alhamisi mkiwa hampo, napanda mingine kutoka kitaluni. Nimefanya hivyo tangu kiangazi cha kwanza. Nimewadanganya. Kila Jumapili mlipokuja kuitazama mkafurahi, mlikuwa mnatazama miche mipya."

Bati juu lilikuwa linalia kwa joto. Evelio akamtazama Ondina, aliyesimama upande wa kushoto na daftari lake kifuani, naye akamkubalia kwa kichwa: endelea.

"Na maji je? Mapipa mawili, mara mbili kwa wiki, kopo kwa kopo. Na mwamba nimeupasua kwa sururu. Haya yote ni kwa ajili ya kipande kimoja kidogo, na bado inakufa. Ardhi hii haitaki kahawa, ndugu zangu. Binti huyu aliwaambia kabla hatujapanda hata mche mmoja. Alisema kweli. Mwongo ni mimi."

Akamaliza. Jasho lilikuwa linamtiririka mgongoni, lakini moyo wake ulikuwa umetulia. Alingoja wamzomee.

Radamés Pupo alikuwa amesimama bila kusogea. Kisha, mbele ya watu mia, yule bwana akatoa kitambaa akajifuta macho.

"Ndugu zangu," akasema, akikikunja kile kitambaa. "Ndugu zangu, mimi nilidhani namjua mtu huyu. Nilikuja hapa kumsifu kwa sababu kahawa yake haikufa. Kumbe ilikufa! Ilikufa kama ya kila mtu! Na yeye alifanya nini? Alikaa akalia? Aliandika ripoti? Mmoja alipoanguka, akaweka mwingine mahali pake. Akianguka huyo, mwingine. Peke yake! Bila kumwambia mtu! Mgongo umefungwa kitambaa! Halafu anakuja hapa anajiita mwongo!"

"Sikuyasema ili mnisifu!" Evelio akapaza sauti. "Nasema inakufa!"

"Na wewe hukuiruhusu!" Migdalia akapiga kelele kutoka nyuma, naye analia, na makofi yakalipuka kama mvua kwenye lile bati. Watu walisimama. Mwalimu wa muziki alikuwa anampigia makofi juu ya kichwa.

"Sikilizeni hesabu!" Evelio akalia. Sasa hofu ilikuwa imemshika, aliiona hali inamponyoka na hakujua aishike wapi. "Shamba lote likifanywa hivi, kila miti michache itataka mtu wake na pipa lake! Watu hao watatoka wapi?"

"Havana ina watu milioni moja na nusu," Radamés akajibu, bila dhihaka yoyote. Alikuwa anahesabu kweli. Unaona macho ya mtu yakihesabu. "Jumanne na Alhamisi. Kwa nini tuje Jumapili tu?"

Mikono ikanyooshwa, hakuna aliyehitaji kuihesabu. Wakamsukuma Evelio hadi mezani, wakamketisha kwenye kitambaa chekundu. Radamés akamwinamia sikioni, bado macho mekundu. "Kuanzia kesho nakupa vipande vyote saba. Zenaida tutamleta huku, usiwe na wasiwasi. Nitaandika barua mimi mwenyewe."

Kisha akajinyoosha. "Ajenda ya pili. Ndugu Ondina Carballo, njoo mbele."

Ondina akaja. Uso wake ulikuwa mweupe, lakini alitembea wima.

"Ndugu Katibu," akaanza kabla hajaulizwa, "alichokisema Mzee Evelio kinathibitisha ripoti yangu. Miche elfu na mia mbili, imebaki chini ya mia. Kwangu ni elfu saba na mia mbili, imebaki mia nne na kumi na mbili. Ni kiwango kile kile cha vifo. Ardhi ni moja, jibu ni moja."

"Nimekuelewa," Radamés akasema kwa upole. "Nina swali moja tu. Yeye ilipokufa alipanda tena. Wewe ulipanda tena mara ngapi?"

Evelio akashika ukingo wa meza. Aliliona lile swali lilikotoka na lilikokuwa linakwenda, akasimama nusu, lakini Ondina akamtangulia.

"Sikupanda tena," Ondina akasema.

"Miche ilikuwepo kitaluni?"

"Ilikuwepo. Lakini lile lilikuwa jaribio. Ukijaribu ardhi hufichi waliokufa. Unawahesabu, ndiyo njia ya kujua."

"Ukawahesabu."

"Kila Ijumaa."

"Ijumaa ngapi?"

Mtu mwingine angesema sijui. Mtu mwingine angesema nyingi. Ondina akafungua daftari lake akatazama. "Hamsini na tisa."

Mguno ukapita zizini. Radamés alitikisa kichwa taratibu, na wala hapakuwa na ushindi katika sura yake, alikuwa na huzuni tu. "Ijumaa hamsini na tisa umesimama na kalamu unatazama miche yetu inakufa. Na Jumanne iliyofuata mzee mwenye mgongo mbovu yuko upande wa pili wa ua ule ule, anachimba. Dada yangu, hata wewe mwenyewe huoni?"

"Hiyo ni kazi yangu!" Ondina akasema. "Hiyo ndiyo kazi!"

"Ndugu Katibu!" Evelio alikuwa amesimama wima. "Aliyofanya yeye ndiyo sahihi. Mimi nilifanya ujinga. Ningefanya kama yeye tungejua tangu mwaka jana, tungeokoa—"

"Huyo naye na unyenyekevu wake," Migdalia akasema, na watu wakacheka kwa mapenzi. Walimpenda! Hapo ndipo alipoelewa kwamba hakuna neno lililobaki. Akisema kweli wanampenda, akijitukana wanampenda zaidi, na kila tone la mapenzi yao linamwangukia Ondina kichwani kama jiwe. Nyumbani kwao husema mchimba kisima huingia mwenyewe. Lakini kisima hiki alikuwa amechimba yeye na anaingia mtu mwingine.

"Wanaokubali Ndugu Ondina Carballo atolewe maabara, aende akajifunze kwenye miwa kwa miaka miwili," Radamés akasema, "wanyooshe mikono."

Mikono ikaanza kupanda. Hapa na pale kwanza, kisha kwa makundi. Mwalimu wa muziki alitazama kushoto na kulia, akanyoosha.

"Mimi sikubali," Evelio akasema. "Andika. Kura yangu sikubali."

"Anayehesabu hapigi kura, Mlimani. Unajua utaratibu. Hesabu tafadhali, watu mikono inawauma."

Akahesabu. Angefanya nini? Kama asingehesabu yeye, angehesabu Radamés. Alianzia mstari wa mbele, akinyoosha kidole kilekile chenye udongo kwenye ukucha, na macho yalikuwa yamejaa maji hata mikono ikawa inaogelea. Ondina alikuwa amesimama hatua mbili kutoka mezani, ameelekea watu. Evelio akafika ishirini, akafika arobaini. Akapotea. Akakisia.

"Hamsini na nane," akasema.

"Sitini na moja, Mzee," Ondina akasema bila kugeuka. "Umewaruka watatu pale kwenye nguzo."

Radamés akamshukuru, akaandika. Lakini kanuni ni kanuni, hesabu zikipishana zinarudiwa, na watu wakaombwa wanyooshe tena. Evelio akapangusa macho kwa mkono wa shati lake safi, akaanza upya kutoka mstari wa mbele, polepole, kichwa kimoja kimoja. Walikuwa sitini na moja.